SOMO LA JUMA: Linda kompresa, ulinde mtaji wa friji

Biashara ya vitu vya baridi ni miongoni mwa biashara zinazomvutia mwenye mtaji mdogo mjini Tabora. Samaki wa Ziwa Tanganyika na wa Ziwa Viktoria, nyama, maziwa, soda na barafu vyote vina wanunuzi, hasa mwezi Septemba na Oktoba kabla mvua hazijaanza, joto la mchana linapofika nyuzi 32 hivi. Biashara yote hiyo, hata hivyo, imebebwa na chombo kimoja, nacho ni kompresa. Kompresa ikifa, friza inageuka kabati la kawaida na mali iliyomo inaanza kuoza.

Somo la juma hili linahusu vifaa vidogo vinavyoilinda kompresa. Mfanyabiashara anayevifahamu hununua friji kwa macho mawili, na fundi hawezi kumdanganya kwa urahisi.

Njia ya zamani, bidhaa mpya

Tabora ilikuwa njia panda tangu enzi za misafara. Kutoka Bagamoyo msafara ulipita Unyanyembe, na hapo njia ikagawanyika, moja kuelekea Ujiji na nyingine kuelekea kaskazini ziwani. Wapagazi wa Kinyamwezi walibeba pembe, nguo, shanga na chumvi ya Uvinza, yaani vitu visivyooza. Samaki waliosafiri mbali walikuwa wakavu. Reli ilifika Tabora mwaka 1912 na Kigoma mwaka 1914, na tawi la Mwanza likakamilika mwaka 1928, lakini hata baada ya treni, dagaa waliokaushwa waliendelea kuwa ndio samaki wa biashara ya mbali.

Jokofu ndilo lililobadili hesabu. Migebuka na kuhe wa Kigoma, na sato na sangara wa Mwanza, wanaweza kuuzwa Tabora wakiwa wabichi iwapo baridi haikatiki njiani wala dukani. Bei ya samaki mbichi ni nzuri kuliko ya mkavu, na tofauti hiyo ndiyo faida. Ndiyo pia hatari, kwa kuwa dagaa mkavu husubiri mteja wiki nzima, lakini sangara hasubiri hata siku moja nje ya baridi.

Friji ni pampu ya joto

Watu wengi hudhani friji hutengeneza baridi. Kwa hakika friji huhamisha joto, hulitoa ndani ya sanduku na kulitupa nje, kama pampu inavyotoa maji kisimani. Kazi hiyo ina sehemu nne. Kompresa hunyonya gesi yenye presha ndogo na kuigandamiza hadi ikawa moto. Kondensa, yaani yale mabomba ya nyuma au ya chini, huipoza gesi hiyo ikawa maji. Maji hayo hupita kwenye mrija mwembamba uitwao kapilari, au kwenye valvu katika mitambo mikubwa, na presha yake hushuka ghafla. Mwisho huingia evaporeta ndani ya friji, yakachemka kwa baridi na kuchukua joto la samaki wako. Gesi hurudi kwa kompresa na safari huanza upya.

Katika friji za dukani, mota na pampu ya kompresa vimefungwa pamoja ndani ya chungu cha chuma kilichochomelewa. Ndiyo maana kompresa iliyoungua kwa kawaida haitengenezwi bali hubadilishwa nzima. Kompresa ina maadui watano wakubwa, na kila mmoja ana kinga yake.

Adui wa kwanza: umeme

Umeme wetu unatakiwa kuwa volti 230. Ukishuka sana, mota hushindwa kuzunguka huku ikivuta umeme mwingi, na waya zake huanza kuungua. Hata katika hali ya kawaida, mota inapoanza huvuta umeme mara kadhaa zaidi ya ule wa kazi ya kila siku.

Kinga ya kwanza ni ovalodi, kidude kilicho kwenye kiboksi ubavuni mwa kompresa. Ndani yake mna kibati kinachopinda kwa joto na kukata umeme, kisha kikipoa hurudisha. Ukisikia friji yako inalia “tik” kila baada ya dakika chache bila kupoza, ovalodi inakuonya. Fundi akikuambia aiondoe na kuunganisha waya moja kwa moja ili friji ifanye kazi, mkatalie. Itafanya kazi kweli, mpaka mota iungue.

Kinga ya pili ni kile kifaa cha kuchomeka ukutani ambacho wengi hukiita friji gadi. Hukata umeme ukishuka mno au ukipanda mno, na unaporudi huchelewesha kuwasha kwa dakika tatu au zaidi. Kuchelewa huko kuna maana kubwa. Friji inapozimika, upande mmoja wa kompresa bado una presha kubwa na mwingine ndogo. Ikiwashwa papo hapo, mota hulazimika kuanza na mzigo wote mgongoni, na mara nyingi hushindwa. Ikipewa dakika tatu hadi tano, presha husawazika. Hata mpagazi aliyetua mzigo hakuunyanyua kabla hajavuta pumzi.

Nchi yetu imepitia migawo mirefu ya umeme, ikiwamo ya miaka ya 1990, ya 2006, ya 2011 na ile ya mwishoni mwa 2023. Katika mgawo, mtu huhofia saa ambazo umeme haupo. Kwa kompresa, hatari kubwa ni dakika ile umeme unaporudi, mara nyingi ukiwa unakatika na kurudi tena. Asiye na friji gadi achomoe friji, asubiri umeme utulie, ndipo achomeke. Mwenye jenereta au stebilaiza ahakikishe ina nguvu ya kutosha kuanzisha mota, kwani ndogo mno huleta madhara yale yale ya umeme mdogo.

Adui wa pili: joto lisilotoka

Kondensa hutupa joto la samaki pamoja na joto la kazi ya kompresa yenyewe. Vumbi la kiangazi likiifunika, au friza ikibanwa ukutani chini ya bati la moto, joto halitoki. Presha hupanda, kompresa hukazana, oili hupoteza ulaini wake na bili ya umeme huongezeka kabla hujaona dalili nyingine.

Kinga yake ni rahisi kuliko zote. Acha nafasi ya shubiri moja nyuma ya friji, usirundike katoni juu ya matundu, na safisha kondensa kwa brashi kila mwezi wakati wa kiangazi, friji ikiwa imechomolewa. Penye feni, hakikisha inazunguka. Vyumba vya baridi huwa pia na swichi ya presha kubwa inayozima mtambo hatari inapofika. Swichi hiyo ikikata, tafuta sababu. Anayebonyeza kitufe cha kuirudisha mara tano kwa siku anailazimisha kompresa kufanya kazi katika hatari ile ile.

Adui wa tatu: maji ya gesi kurudi

Kompresa imeundwa kugandamiza gesi, na kimiminika hakigandamiziki. Barafu ikifunika evaporeta au feni ya ndani ikisimama, gesi haichemki yote, na sehemu yake hurudi ikiwa maji. Hupiga vali mpaka zivunjike na kuosha oili kwenye beringi. Kinga ni chupa ndogo ya chuma kwenye bomba la kurudia, iitwayo akyumuleta, inayozuia maji hayo mpaka yageuke gesi. Mitambo mikubwa huwa pia na hita ya oili, ambayo huwashwa saa kadhaa kabla ya kuanzisha mtambo uliolala muda mrefu. Wewe mwenye duka, kazi yako ni kuyeyusha barafu kabla haijawa nene, wala usiibandue kwa kisu.

Adui wa nne: unyevu na uchafu

Kabla ya kapilari kuna draya, kichujio chenye punje zinazofyonza unyevu na kunasa taka. Unyevu ukibaki ndani huganda kwenye mdomo wa kapilari na kuziba njia, na ukichanganyika na oili na joto huzaa asidi inayokula ngozi ya waya za mota. Kila mfumo unapofunguliwa, draya ibadilishwe na hewa yote itolewe kwa pampu ya vakyumu. Kusukuma hewa kwa gesi kidogo, kama wafanyavyo baadhi ya mafundi wa haraka, hakutoi unyevu.

Hali kadhalika, gesi isichanganywe. R12, iliyokomeshwa chini ya Mkataba wa Montreal wa mwaka 1987, ilitumia oili tofauti na ya R134a. R600a ya friji nyingi mpya huwaka moto, hivyo bomba lisichomelewe ikiwa ndani. R22 nayo iko ukingoni, kwani nchi zinazoendelea zinatakiwa kuiacha karibu yote ifikapo mwaka 2030. Anayenunua mtambo mkubwa wa R22 leo ajue ananunua shida ya gesi ya kesho.

Adui wa tano: gesi pungufu

Gesi baridi inaporudi ndiyo inayoipoza mota. Ikivuja, friji hufanya kazi bila kupumzika huku mota ikizidi kupata joto. Mitambo mikubwa ina swichi ya presha ndogo inayoizima, lakini friji ya dukani mara nyingi haina, na mlinzi ni wewe. Alama ya mafuta penye kiungo cha bomba ni dalili ya kuvuja. Kuongeza gesi bila kuziba tundu ni kujaza maji kwenye pakacha.

Hesabu ya mwekezaji

Chukua mfano huu, kisha weka bei za kwako. Tuseme kompresa mpya pamoja na ufundi ni Sh. 450,000, na siku inapokufa una kilo 100 za samaki za Sh. 10,000 kila moja. Hasara ni Sh. 1,450,000, bila kuhesabu wateja waliohamia kwa jirani. Tuseme pia friji gadi na ukaguzi wa fundi vinakugharimu Sh. 120,000 kwa mwaka. Hata kama kinga hiyo ingezuia ajali moja tu katika miaka 12, ingekuwa imerudisha fedha yake. Tena friji gadi haunui kila mwaka. Wahenga walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta.

Kabla ya kununua friji iliyotumika

Soma kibandiko: volti 220 hadi 240, mizunguko 50, na aina ya gesi. Iwashe na usikilize kwa nusu saa. Gusa kondensa, inatakiwa iwe na joto. Fungua kiboksi cha kompresa na fundi wako uone kama ovalodi ipo. Tazama kama kuna bomba lililochomelewa upya huku draya ikiwa ya zamani. Muuzaji akikataa ukaguzi huo, fedha yako ibaki mfukoni.

Kwa kumalizia, mwenye mtaji mdogo asitumie senti yake ya mwisho kununua friza kubwa na kukosa ya kuilinda. Nunua ndogo kidogo, na salio ulitumie kwa friji gadi, brashi na fundi mwaminifu. Faida ya samaki mbichi hupatikana kwa anayefika Oktoba kompresa yake ikiwa hai.