Kabla Hujanunua Spika Ndefu za Sebuleni

Muuzaji wa spika Kariakoo au Luthuli Avenue atakuuliza kwanza umekuja na shilingi ngapi. Kabla hujafika kwake, uwe na majibu ya maswali mawili ambayo huenda asikuulize: sebule yako ina mita ngapi kwa ngapi, na amplifaya itakayozisukuma hizo spika ni ipi. Spika ndefu, zile zinazosimama zenyewe sakafuni bila stendi, wengi huzinunua kwa macho. Zinapendeza pembeni mwa televisheni, na mgeni akiingia anajua humu kuna muziki. Lakini spika inayoimba vizuri kwa jirani inaweza kuja kwako ikawa inanguruma tu, na kosa lisiwe lake.

Tuanze na kilichomo ndani. Boksi moja refu hubeba spika mbili, tatu au zaidi. Ile ndogo ya juu, twita, hutoa sauti nyembamba: matoazi, kayamba, herufi "s" kinywani mwa mwimbaji. Zile kubwa za chini hutoa besi, na mara nyingine huwapo ya kati kwa ajili ya sauti za watu na gitaa la solo. Anayegawa kazi ni krosova, kibao chenye koili na kapasita kilichofichwa ndani ya boksi. Urefu wa boksi nao una kazi. Boksi kubwa lina hewa nyingi, na hewa hiyo huisaidia besi kushuka chini zaidi bila sabufa. Tundu unaloliona mbele au nyuma ya boksi ndiyo njia ya hiyo besi kutokea. Angalia liko upande gani, maana litakuhusu siku ya kuzipanga.

Sebule yako inazifaa? Chukua futi kamba upime. Ikiwa chumba ni mita 3 kwa 3 na nusu, ushauri wangu ni kuachana na spika ndefu, hata kama pesa unazo. Nunua ndogo za kuweka juu ya stendi. Kwa bei ileile utapata zilizo bora zaidi, na chumba hakitazidiwa na besi. Kuanzia mita 4 kwa 5 hivi, spika ndefu zinapata nafasi ya kufanya kazi yake.

Sababu ni ujenzi wetu. Nyumba nyingi huku ni za tofali za saruji, sakafu ya vigae, dari ngumu. Ukuta wa saruji huirudisha besi chumbani karibu yote, wakati kuta nyepesi za mbao na jasi za nyumba nyingi za Marekani huiachia kiasi ipite. Ndiyo maana spika iliyosifiwa na mhakiki wa huko kwa besi nene inaweza kukuchosha hapa. Kuna jambo lingine: kila chumba kina besi yake kinayoipenda. Kati ya kuta mbili zilizoachana mita 4, mawimbi ya takriban hezi 43, yaani besi ya chini sana, hugongana na kujikusanya. Ukikaa karibu na ukuta besi inavuma, ukisogea katikati inapotea. Piga wimbo wenye gitaa zito la besi, kisha tembea polepole chumbani. Utasikia mwenyewe mahali inapojaa na inapokimbia.

Sasa amplifaya, mashine inayoikuza sauti kutoka kwenye simu, deki au televisheni na kuisukuma hadi kwenye spika. Ukigeuza spika utaona kibandiko kimeandikwa omu 4, 6 au 8. Omu ni kipimo cha ukinzani, yaani jinsi spika inavyouzuia umeme usipite. Fikiria mdomo wa bomba: ukiwa mpana maji hutoka mengi, na pampu hufanya kazi zaidi. Spika ya omu 4 ndiyo mdomo mpana. Kwa hiyo soma nyuma ya amplifaya. Ikiwa pale penye matundu ya spika pameandikwa omu 6 hadi 16, usiifungie spika ya omu 4. Kwa sauti ndogo itaimba, kisha siku ya sherehe amplifaya itapata moto na kujizima, au itaungua. Kama unaanza upya na hujui utakuja kuwa na amplifaya gani, spika ya omu 8 ndiyo isiyo na ugomvi.

Hapa kuna kosa linalofanyika sana mitaani. Mtu ana jozi moja ya spika, ananunua nyingine na kuzichomeka zote kwenye matundu yaleyale. Spika mbili za omu 8 zikifungwa hivyo huwa omu 4 kwa amplifaya. Mbili za omu 4 huwa omu 2, na amplifaya chache sana za nyumbani zinaweza kuustahimili mzigo huo.

Namba ya pili ya kutafuta kwenye karatasi ya spika ni desibeli, mara nyingi kati ya 84 na 92. Hiyo inaeleza spika ni nyepesi kiasi gani kuitika: inatoa sauti kubwa kiasi gani ukiipa wati 1 na kusimama mita 1 mbele yake. Tofauti ya desibeli 3 inaonekana ndogo, kumbe inadai nguvu maradufu. Spika ya desibeli 86 inahitaji wati mara nne ya zile zinazohitajiwa na spika ya desibeli 92 ili zilingane kwa sauti. Kwa amplifaya ndogo, basi, tafuta spika ya desibeli 89 au zaidi. Mtego mmoja: viwanda vingi hupima kwa volti 2.83 badala ya wati 1. Kwa spika ya omu 8 ni kitu kilekile, lakini kwa ya omu 4 volti hizo ni wati 2, na namba inapanda desibeli 3 za bure.

Na wati zenyewe? Puuza kabisa herufi PMPO. Boksi la redio likikuambia PMPO 5,000, mwenye kiwanda amejipimia mwenyewe kwa namna anayoijua yeye. Tafuta RMS, nguvu ambayo mashine inaweza kuitoa mfululizo. Kama hakuna, geuza mashine usome inakula wati ngapi za umeme. Mashine inayokula wati 80 kutoka ukutani haiwezi kuwatolea wageni wako wati 5,000, labda iwe ya miujiza. Kwa sebule ya mita 4 kwa 5, spika ya desibeli 88 na wewe umekaa mita 3 mbele yake, amplifaya yenye wati 40 hadi 60 za kweli kila upande inatosha. Muda mwingi utakuwa unatumia wati chache tu. Wengi huogopa amplifaya kubwa itaunguza spika, kumbe hata ndogo inayokamuliwa hadi mwisho ni hatari: sauti ikianza kukwaruza, twita ndiyo hufa kwanza. Ukisikia mkwaruzo, punguza.

Gharama uigawe namna gani? Ningetoa zaidi ya nusu kwa spika. Tuseme umetenga shilingi milioni 3 za Tanzania: spika milioni 1 na laki 7, amplifaya milioni 1, na laki 3 zilizobaki ni za waya, zulia na kifaa cha kulinda umeme. Zulia nimelitaja makusudi, utaona. Ukiagiza kutoka nje, usipige hesabu kwa bei ya dukani huko tu. Jozi ya spika ndefu inaweza kuwa na kilo 25 hadi 50, na kwa ndege unatozwa kwa uzito au kwa ukubwa wa boksi, chochote kinachozidi. Bandarini kuna ushuru wa forodha, kisha VAT, asilimia 18 Tanzania Bara na 16 Kenya, ambayo hukokotolewa juu ya bei ya mzigo pamoja na usafiri na ushuru wenyewe. Mwombe wakala wa forodha akuandikie hesabu yote kabla hujatuma pesa.

Mitumba je? Usiidharau. Spika nzuri ya miaka ishirini iliyopita inaweza kuishinda mpya ya bei hiyohiyo, mradi uikague. Toa kitambaa cha mbele utazame ukingo unaoshika koni ya besi. Ukingo wa mpira hudumu. Wa sponji huoza kwa umri na unyevu, na kwa spika iliyokaa Mombasa, Tanga au Unguja tazama hapo kabla ya popote. Ukibonyeza kwa kidole ukaona unamomonyoka, dai bei ya chini au ondoka. Isukume koni taratibu kwa vidole vya mikono yote miwili, isikwaruze. Ukiwa na mita ya fundi, spika ya omu 8 isome karibu 6, na ya omu 4 isome karibu 3. Kipimo hicho hakitakuambia lolote kuhusu twita, kwa kuwa kapasita ya krosova huzuia umeme wa betri usifike huko. Twita ipime kwa sikio ukiliweka karibu. Kagua pia sehemu ya chini ya boksi: mbao za kusaga zilizolowa maji huvimba na hazirudi.

Kwenye mitumba kuna jambo la volti ambalo limewatia watu hasara. Spika za kawaida, zisizo na plagi ya umeme, hazijali zilitoka nchi gani. Zitoke Japani au Ujerumani, utazifunga tu. Amplifaya ndiyo yenye tatizo. Ya Japani imetengenezwa kwa volti 100 na ya Marekani kwa volti 120, wakati umeme wa Tanzania ni 230 na wa Kenya 240. Ukiichomeka moja kwa moja inaungua. Soma kibandiko cha nyuma. Ukikuta 100V peke yake, itakubidi ununue transfoma ya kushusha umeme yenye nguvu ya kutosha, na bei yake uiongeze kwenye hesabu kabla ya kusema umepata bei poa.

Dukani nenda na nyimbo tatu unazozijua hadi pumzi ya mwimbaji. Mmoja uwe na sauti ya mtu na ala chache, taarabu yenye kanuni na fidla inafaa sana. Wa pili uwe na besi. Wa tatu ule wenye vyombo vingi kwa pamoja, rumba la bendi kubwa kwa mfano. Mwambie muuzaji azime vikorombwezo vyote vya kuongeza besi. Anza kwa sauti ya mazungumzo. Unapolinganisha jozi mbili, hakikisha zinalia kwa kiwango kimoja, maana inayolia zaidi huonekana bora hata kama siyo. Sauti ya mwimbaji isikike kama ya mtu, si ya mtu aliyeingia ndani ya pipa. Uliza kama unaruhusiwa kurudisha, na dhamana iandikwe kwenye risiti.

Waya usikupotezee pesa. Shaba tupu ya milimita za mraba 1.5 inatosha kwa mita 5, na 2.5 kwa zaidi ya hapo. Hata waya laini wa umeme kutoka duka la vifaa vya ujenzi unafanya kazi. Epuka ule wa alumini uliopakwa shaba. Ukikwangua uzi wake kwa kisu utaona weupe ndani. Nyekundu iende kwa nyekundu, nyeusi kwa nyeusi, pande zote mbili. Ukigeuza upande mmoja besi inapungua, na sauti ya mwimbaji ambayo ingetoka katikati inasambaa isijulikane iko wapi.

Kupanga ni bure, na ndiko kwenye tofauti kubwa kuliko waya wowote wa ghali. Umbali kati ya spika mbili ukaribiane na umbali wa kila moja hadi kwenye kiti chako. Twita iwe karibu na usawa wa masikio ukiwa umekaa. Ziache angalau sentimita 30 kutoka ukuta wa nyuma, na zaidi kama tundu liko nyuma. Usizisukumie kwenye kona, besi itavuma. Ikivuma bado, ziba tundu kwa kipande cha sponji usikilize. Kisha lile zulia: litandike kati yako na spika, na dirishani weka pazia zito. Piga kofi kabla na baada ya kuvitandika, utasikia mwangwi umepungua. Miguu yenye ncha iwekee visahani vya chuma isikwangue vigae. Kama kuna watoto wanaojifunza kutembea, usivue kile kitako kipana cha chini, maana boksi refu lenye kilo 15 likivutwa linaanguka.

Umeme ukikatika katikati ya wimbo, shusha sauti na uzime amplifaya kwenye swichi yake kabla haujarudi, kwa kuwa kishindo cha kurudi hupita moja kwa moja hadi kwenye spika. Kifaa cha kulinda umeme, cha aina ileile unayofungia friji na kinachosubiri dakika chache kabla ya kuruhusu umeme upite, kitakufanyia kazi hiyo hata ukiwa umelala.