Kabati la Viatu Mlangoni: Pima, Kagua, Funga Ukutani

Katika nyumba nyingi za mijini, mlango wa nje hufungukia moja kwa moja sebuleni. Viatu, mabegi ya shule, miavuli na funguo hurundikana hapo, na familia huamua kununua kabati au rafu ya kuvihifadhi. Kwa kuwa samani hii huonekana ndogo, walaji wengi huichagua kwa macho tu. Katika somo hili tunaeleza mambo manne yanayopaswa kutangulia malipo: nafasi, malighafi, uthabiti na maandishi. Tutakaa zaidi kwenye uthabiti, kwa sababu uzembe wa hapo unaweza kugharimu uhai wa mtoto.

1. Nafasi

Pima ukuta, kisha fungua mlango hadi mwisho uone eneo unalolichukua. Kiatu cha mtu mzima huweza kufikia urefu wa sentimita 30. Kwa hiyo rafu ya kukilaza inahitaji kina cha sentimita 30 hadi 35. Palipo finyu, yapo makabati membamba ambayo viatu husimamishwa ndani ya milango inayofunguka kwa kuinama mbele. Hakikisha inabaki njia ya kupita isiyopungua sentimita 90. Ukitokea moto usiku, mlango huo ndio utakaotumiwa na wote.

2. Malighafi

Mninga, mkongo na mtiki hudumu miaka mingi iwapo mbao zilikaushwa vyema. Mbao mbichi hupinda na kupasuka baada ya kabati kufika nyumbani. Ubao wa MDF na ule wa chembechembe za mbao zilizogandishwa kwa gundi ni nafuu, lakini hunyonya maji kupitia kingo zisizozibwa, huvimba, na skrubu zake hulegea. Mlangoni maji hayakosekani: kuna viatu vilivyolowa mvua na maji ya kudeki kila siku. Chagua kabati lenye miguu inayoliinua kutoka sakafuni na matundu ya kupitisha hewa. Usitazame uso wake tu. Kagua mgongo, chini, na ndani ya droo, kwa maana hapo ndipo rangi na vanishi hazifichi kitu. Unga laini wa mbao kando ya vitundu vidogo ni dalili ya wadudu.

3. Uthabiti

Kabati refu na jembamba husimama imara likiwa limefungwa. Droo zinapovutwa, uzito husogea mbele. Mtoto akining'inia kwenye droo, au akizipanda kama ngazi, kabati humwangukia. Nchini Marekani, mwaka 2016, makabati ya droo yapatayo milioni 29 ya kampuni moja yaliondolewa sokoni baada ya watoto kufa kwa namna hiyo. Hayo yalikuwa makabati ya nguo, lakini kanuni ya uzito ni ileile kwa kabati la viatu.

Ukiwa dukani, mwombe muuzaji alishike kabati, kisha fungua droo au milango yote kwa pamoja. Likianza kuinuka nyuma, halifai kusimama bila kufungwa. Ulizia pembe za chuma na skrubu za kulifunga ukutani, na gharama ya fundi uijumlishe katika bei. Nyumbani, weka vitu vizito chini, na usiweke juu ya kabati kitu kinachomvutia mtoto. Kama umepanga, omba ridhaa ya mwenye nyumba kabla ya kutoboa ukuta. Akikataa, chagua rafu fupi yenye kitako kipana.

4. Maandishi

Ukiagiza kwa fundi seremala, andikeni vipimo, aina ya mbao, bei, malipo ya awali, tarehe ya kukabidhi, na nani atagharimia marekebisho. Kila upande ubaki na nakala yenye sahihi. Dukani, dai risiti ya EFD. Sheria ya Ushindani Na. 8 ya mwaka 2003 inakataza kumpotosha mlaji kuhusu bidhaa. Muuzaji anayekuuzia mbao nyingine kwa jina la mninga anaivunja. Lakini bila maandishi, ni vigumu kuthibitisha alichokuahidi. Akikataa kurekebisha, wasilisha lalamiko kwa Tume ya Ushindani ukiwa na risiti, makubaliano na picha.

Jiulize kabla ya kulipa

• Je, mlango utafunguka wote, na njia itabaki wazi?
• Je, nimekagua mgongo, chini na kingo?
• Je, kabati limesimama imara droo zote zikiwa wazi?
• Je, nina vifaa na ruhusa ya kulifunga ukutani?
• Je, nina risiti au makubaliano yenye sahihi?

Jibu likiwa "hapana" katika swali la tatu na la nne kwa pamoja, na nyumbani kuna mtoto mdogo, tunakushauri usilinunue, hata kama bei imepunguzwa.