Kahawa Ingali Maua

JUMATATU

Soma Nehemia 5:1-5. Watu walilia kwa sababu gani? Ni mali gani iliyokuwa imekwisha kuwatoka?

Wakulima wa Buganguzi na sehemu nyingine za Muleba wanalijua neno *butura*. Ada ya shule inadaiwa, au mgonjwa yuko hospitalini, na kahawa kibanjani ingali maua. Mwenye fedha huja, hutazama mibuni, hutoa kiasi kidogo, na mavuno huwa yake. Serikali imepiga marufuku jambo hili, kwa hiyo hufanyika kwa siri. Siri hiyo huumiza kuliko hasara yenyewe. Baba hamwambii mkewe. Usiku hapati usingizi, mchana huwakaripia watoto kwa jambo dogo. Kupalilia huacha, maana anampalilia nani? Sabato huona haya kuketi darasani. Msimu mwingine ukifika hana kitu, naye huuza maua tena.

Je, ni mzembe? Mwaka 2013 watafiti walichapisha walichokiona kwa wakulima wa miwa wa Tamil Nadu, India. Mkulima yuleyule alishindwa zaidi katika majaribio ya kufikiri kabla ya mavuno, alipokuwa hana fedha, kuliko baada ya kuuza miwa. Akili yake haikuwa imebadilika, ilikuwa imelemewa.

Soma Nehemia 5:6-13. Nehemia alifanya nini kwanza, na alikiri nini juu yake mwenyewe?

Ukuta wa Yerusalemu ulikuwa haujakwisha na adui walikuwa karibu, lakini aliitisha mkutano kwa ajili ya madeni. Hakuwaambia waliolia waongeze imani. Aliwageukia waliokopesha, akijihesabu yeye na ndugu zake miongoni mwao, akataka mashamba na nyumba zirudishwe siku iyo hiyo.

Linganisha na 1 Wafalme 19:4-8. Eliya alipotamani kufa, alipewa mkate na maji, akaachwa alale, kisha akapewa tena. Vivyo hivyo, ndugu aliyekata tamaa ya kuishi asiachwe peke yake na maombi tu. Asindikizwe hospitalini, na jikoni kwake pia paangaliwe.

Jadilini: Je, aliyeuza kahawa ingali maua anaweza kulisema jambo hilo darasani kwenu bila kuaibishwa? Na kama aliyeinunua ameketi benchi lilo hilo, Nehemia 5:11 inamtaka afanye nini juma hili?