SOMO LETU: TUJIFUNZE KUPIGA GITAA LA BESI



Vikundi vingi vya vijana na vya kina mama vina kwaya, na vingine vimeanza kununua vyombo vya muziki. Vyombo vikifika, kila kijana anataka gitaa la solo kwa maana ndilo linaloshangiliwa. Besi inaachiwa yule aliyechelewa kuja. Baada ya miezi michache kikundi kinashangaa: pesa zimetumika, kelele ipo, lakini muziki haukai pamoja. Waimbaji wanakimbia mbele, dramu inabaki nyuma, na watu waliowaalika harusini hawawaiti tena.

Mara nyingi shida iko kwenye besi. Somo hili ni kwa anayeanza, na pia kwa kamati inayotaka kununua. Lisomeni pamoja, gitaa likiwa mkononi kama lipo.

1. KAZI YA BESI NI GANI?

Besi ni kama msingi wa nyumba. Mgeni akija husifu mlango na rangi, hasifu msingi. Lakini msingi ukipasuka, mlango hautafungika.

Besi ina kazi mbili. Ya kwanza ni kuwaonyesha waimbaji do iko wapi, wasipotee. Ya pili ni kushikana na dramu ili mwendo usibadilike. Kwa hiyo mpigaji besi anaweza kupiga sauti tatu tu katika wimbo mzima, na wimbo ukawa mzuri kabisa.

Hapa Kenya hatuna haja ya kwenda mbali kutafuta mfano. Sikilizeni benga iliyotoka kwa Wajaluo upande wa Nyanza: besi haijifichi, inakimbia na kuongea na magitaa mengine. Kisha sikilizeni "Sina Makosa" ya Les Wanyika, bendi iliyoanzishwa Nairobi mwaka wa 1978. Mpigaji wao wa besi alikuwa Tom Malanga. Angalieni vile besi inavyopiga, inanyamaza, halafu inarudi. Pale kwenye kunyamaza ndipo mguu wa mchezaji unapopata nafasi.

2. KABLA YA KUNUNUA

Tuseme kikundi kina watu 20, na kila mmoja anatoa shilingi 50 kwa juma. Hiyo ni shilingi 1,000 kwa juma, na kwa majuma 26 ni shilingi 26,000. Msizimalize zote kwa gitaa peke yake. Mtahitaji pia amplifaya, waya wa kuunganisha, mkanda wa begani na akiba ya nyuzi. Ulizeni bei kwa maduka matatu kabla ya kutoa pesa.

Gitaa la mitumba linaweza kuwa zuri kuliko jipya la bei ya chini, lakini lipimeni hivi:

(a) Litazame shingoni kwa jicho moja, kama fundi seremala anavyotazama mbao. Shingo iliyojipinda sana au kujisokota, achana nayo.

(b) Bonyeza kila waya mahali pote, kuanzia juu hadi chini. Pakilia kama nyuki, muulize muuzaji kama panatengenezeka, na fundi wenu ahakikishe.

(c) Piga waya wazi bila kubonyeza, kisha ubonyeze kwenye freti ya 12. Lazima iwe sauti ile ile, ila ya juu zaidi. Ikiwa si hivyo, daraja linahitaji kurekebishwa.

(d) Unganisha na stima, uzungushe vifundo vyote. Mkwaruzo mdogo husafishwa. Kimya kabisa ni shida kubwa.

3. KUKIJUA CHOMBO

Gitaa la besi la stima lilienea baada ya kampuni ya Fender ya Marekani kuanza kuliuza mwaka wa 1951. Kabla ya hapo wengi walipiga besi kubwa ya kusimama, ambayo haina freti. Freti ni vile vyuma vyembamba vilivyolala shingoni. Kazi yake ni kukusaidia kupata sauti sahihi.

Besi ya kawaida ina nyuzi nne. Ile nene kabisa, iliyo karibu na uso wako ukilishika gitaa, inaitwa E. Zinazofuata ni A, D, na G iliyo nyembamba kuliko zote. Ni majina yale yale ya nyuzi nne nene za gitaa la kawaida, ila sauti ziko chini zaidi. Waya wa A hutetemeka mara 55 kwa sekunde moja, na wa E kama mara 41. Sauti ya chini hivyo haiwezi kutoka kwa spika ndogo ya redio. Ukilazimisha, spika itapasuka. Tafuteni amplifaya ya besi, au spika kubwa.

4. KULINGANISHA NYUZI

Mtu asipige hata wimbo mmoja kabla ya kulinganisha nyuzi. Siku hizi simu nyingi zina programu ya kazi hii. Bila simu, pata E kutoka kwa kinanda, halafu:

- Bonyeza E kwenye freti ya 5. Waya wa A ukiwa wazi lazima ulie sawa na hapo.
- Bonyeza A kwenye freti ya 5. Waya wa D ulie sawa.
- Bonyeza D kwenye freti ya 5. Waya wa G ulie sawa.

Sauti mbili zikikaribiana lakini hazijapatana, utasikia wimbi: wau-wau-wau. Kaza au legeza polepole. Wimbi litapungua mpaka litulie. Hapo zimepatana.

5. MIKONO

Mkono wa kushoto: kidole gumba kikae nyuma ya shingo. Bonyeza karibu na freti, nyuma yake kidogo, si juu ya chuma chenyewe. Hapo hutahitaji nguvu nyingi.

Mkono wa kulia: tumia kidole cha shahada na cha kati kwa zamu, kama mtu anayetembea. Moja, mbili, moja, mbili. Nyuzi usizozipiga uziguse kidogo ili zisilie ovyo.

Ncha za vidole zitauma majuma ya kwanza. Hiyo ni kawaida, ngozi itakuwa ngumu. Lakini kifundo cha mkono kikiuma, pumzika. Usijikaze.

6. SOMO LA KWANZA: DO, FA, SO

Hapa mwanakwaya yuko mbele ya wengine, kwa sababu do-re-mi anaijua tayari.

Weka kidole cha kati kwenye waya wa E, freti ya 3. Hiyo ni G. Tuiite do. Sasa:

- DO: waya wa E, freti ya 3
- FA: waya wa A, freti ya 3 (freti ile ile, waya unaofuata)
- SO: waya wa A, freti ya 5 (freti mbili mbele)

Hesabu moja, mbili, tatu, nne, na kila hesabu piga mara moja. Piga do mara nne, fa mara nne, so mara nne, rudi do mara nne. Mwenzako apige makofi. Rudieni mpaka usihitaji kutazama mkono. Nyimbo nyingi za kwaya, za watoto na za harusi zinasimama juu ya sauti hizi tatu tu.

Sasa ngazi nzima. Kidole cha shahada kilinde freti ya 2, cha kati ya 3, cha pete ya 4, na kidole kidogo ya 5:

- Waya wa E: do (3), re (5)
- Waya wa A: mi (2), fa (3), so (5)
- Waya wa D: la (2), ti (4), do ya juu (5)

Uzuri wa besi ni huu: umbo hili halibadiliki. Kiongozi wa kwaya akisema wimbo uko chini mno, sogeza mkono wote freti mbili mbele. Do imehama kutoka G kwenda A, lakini vidole vinafanya kazi ile ile. Kwenye waya wa E kumbuka hivi: freti ya 1 ni F, ya 3 ni G, ya 5 ni A, ya 7 ni B, ya 8 ni C, na ya 10 ni D.

Na kama mama mwimbishaji ameanzisha wimbo bila kungoja vyombo? Usiwe na wasiwasi. Nyimbo nyingi humalizikia kwenye do. Sikiliza sauti ya mwisho ya ubeti, ivumishe mdomoni, kisha uitafute polepole kwenye waya wa E. Ukiipata, umepata zote.

7. KITABU CHA KWAYA NI MWALIMU WAKO

Kama kwaya yenu inaimba kwa sauti nne zilizoandikwa kwa solfa, mstari wa chini kabisa ni wa besi. Uchukue uupige kama ulivyo. Mistari ya kusimama inagawa vipimo, nukta mbili zinagawa mapigo, na kistari maana yake sauti iendelee. Anza na wimbo mnaoujua kwa moyo. Besi ya kwaya ikikosea, wewe utawarudisha. Wewe ukikosea, wao watakurudisha.

8. MAZOEZI BILA STIMA

Wengi husema, "Kwetu hakuna stima, nitajifunzaje?" Inawezekana. Egemeza kichwa cha gitaa, pale nyuzi zinapokazwa, kwenye meza ya mbao au kabati. Mbao itavuma na utasikia vizuri.

Dakika 20 kila siku zinashinda saa tatu za Jumamosi peke yake. Zigawe hivi: dakika 3 kulinganisha nyuzi, dakika 7 ngazi ya do-re-mi polepole, dakika 10 wimbo mmoja. Ukikosea mahali, usirudi mwanzo kila mara. Rudia pale pagumu tu.

Ukimaliza, futa nyuzi kwa kitambaa kikavu, jasho huleta kutu. Nyuzi zikichakaa na kupoteza sauti, zitoe, uzichemshe kwa maji kwa dakika chache, uzikaushe kabisa ndipo uzirudishe. Sauti itafufuka kwa muda, lakini mwishowe ni kununua mpya. Gitaa lisiachwe juani wala kuegemezwa ukuta wa mabati wenye joto.

9. HATARI YA STIMA

Sehemu hii isomwe kwa sauti mbele ya kikundi. Nyuzi za besi ni chuma, na zimeungana na amplifaya. Amplifaya au soketi ikiwa na hitilafu, stima inaweza kufika kwenye nyuzi. Mpigaji akiwa ameshika nyuzi, halafu mdomo uguse maikrofoni, stima inapita mwilini. Watu wamekufa hivyo.

- Msichomeke waya mbili kwenye soketi kwa njiti za kiberiti. Tumieni plagi ya pini tatu, na waya wa ardhi usikatwe.
- Msipige mkiwa miguu mitupu penye unyevu, wala mvua ikinyesha.
- Ukihisi kuchomwachomwa hata kidogo, zima. Usiseme "ni kawaida." Muite fundi.
- Mtu akinaswa, msimguse. Zimeni swichi kubwa au jenereta kwanza, kisha mpelekeni hospitali.

10. MALI YA KIKUNDI IKAE VIPI?

Kikundi kikimfundisha mtu mmoja tu, siku akienda mjini kutafuta kazi muziki unaondoka naye. Na kama gitaa lilikuwa linalala kwake, huenda nalo likaondoka. Urafiki wa miaka mingi huvunjika kwa jambo kama hili. Afadhali kukubaliana mapema:

(a) Wajifunze watu watatu, na mmoja wao angalau awe msichana. Kila mmoja akae na gitaa siku mbili kwa juma. Siku ya saba ni ya kikundi.

(b) Kuwe na daftari la vyombo: nani amechukua, tarehe gani, liko katika hali gani, limerudi lini.

(c) Likikodishwa harusini au kwenye harambee, aende mpigaji wenu pamoja nalo. Pesa zipite kwa mweka hazina, na sehemu iwekwe kwa nyuzi na matengenezo.

(d) Aliyefundishwa kwa pesa za kikundi amfundishe mwingine kabla hajaondoka. Iandikwe kwenye kumbukumbu za mkutano, na atie sahihi.

MASWALI YA KUJADILIANA

1. Katika kikundi chetu, chombo gani hupewa heshima kuliko vingine, na kwa nini?
2. Mpigaji wetu akihama kesho, tutabaki na nani?
3. Soketi na waya tunazotumia zilikaguliwa na fundi lini?
4. Tuna mapatano ya maandishi juu ya vyombo? Kama hakuna, nani atayaandika kabla ya mkutano ujao?

ZOEZI LA MWEZI HUU

Chagueni wimbo mmoja wa do, fa na so. Kila mwanafunzi aupige akianzia G, kisha A, kisha C. Wengine waimbe bila kusaidiwa na kinanda. Mkimaliza wimbo bila kwenda mbio, mmefaulu somo la kwanza.

Wahenga walisema, mwanzo wa ngoma ni lele. Anzeni na hizo sauti tatu.