Kinga ya taa katika karakana ya useremala

Katika karakana za samani za Keko, Dar es Salaam, si ajabu kukuta globu inaning'inia kwenye holda tupu juu ya randa ya umeme, imefunikwa unga wa mbao. Mwanga ukififia, fundi anakwenda Kariakoo kununua globu ya wati nyingi zaidi. Fedha hiyo ingefaa kwanza inunue kifuniko.

Unga wa mbao unaungua. Ukitulia juu ya globu yenye joto kali, au ukiingia kwenye holda iliyolegea inayotoa cheche, unaweza kushika moto, na chini yake pana maranda na vanishi. Tafuta taa yenye alama ya IP. Tarakimu ya kwanza ni kinga dhidi ya vumbi, ya pili dhidi ya maji. Kwa seremala, tarakimu ya kwanza iwe 6, kama kwenye IP65. Kisha waya uingie kupitia glandi inayoubana sawasawa. Ukitoboa tundu kubwa na kuliziba kwa utepe, IP65 uliyoilipia imekwisha. Na globu ya LED usiifungie ndani ya kifuniko kisichopitisha hewa kama boksi lake halijaruhusu, maana joto likikosa pa kutokea huiua mapema.

Dari ikiwa fupi, mbao ndefu zinapogeuzwa hugonga taa. Hapo chagua kifuniko cha polikaboneti, kwani akriliki hupasuka upesi. Wavu wa chuma nao unafaa, ila hutupa vivuli. Usiuweke juu ya msumeno.

Kwenye meza ya kumalizia kazi, kifuniko cheupe kama maziwa hupunguza mng'ao unaoumiza macho. Lakini mwanga huo mlaini huficha mikwaruzo ya msasa. Ongeza taa ya shingo inayopinda, uilaze karibu na uso wa mbao: kila mkwaruzo utaonekana kabla ya vanishi kuuanika.

Mashine ya kukereza ina hatari yake. Tyubu za zamani zenye choki, kwa umeme wetu wa hezi 50, humemeteka mara 100 kwa sekunde. Mbao ya pembe nne inayozunguka mara 1,500 kwa dakika inaweza kuonekana imesimama, na mkono ukaifuata. Hakuna kifuniko kinachotibu hilo. Weka taa ya LED yenye draiva nzuri isiyomemeteka.

Mwisho, chumba cha kupulizia rangi. IP65 haitoshi kabisa humo, kwa sababu mvuke wa tina hulipuka. Panahitaji taa maalumu yenye alama ya Ex, nayo ni ghali. Ukishindwa kuimudu, funga taa nje ya chumba, imulike ndani kupitia kioo kisichofunguka, kilichozibwa vizuri pande zote.