Kwa Nini Mashine Huacha Nguo Mbichi?

Miongoni mwa vyombo vya umeme vinavyotumika katika nyumba za mijini imo mashine ifuayo nguo na kuzikausha katika pipa lile lile. Lalamiko linalosikika mara nyingi juu yake ni moja: mashine imemaliza kazi, pipa lina joto, lakini nguo zatoka zikiwa mbichi. Mwenye mashine huhukumu upesi kwamba kipasha joto kimekufa, na fundi asiye mwangalifu hukibadilisha. Shabaha ya makala haya ni kuonyesha kwamba joto peke yake halikaushi nguo, na kwamba mwanafunzi aliyeelewa somo la joto aweza kuitafuta kasoro kwa utaratibu, kabla fedha haijapotea wala hatari haijazuka.

Hatua nne za ukaushaji

Kwanza, pipa huzunguka kwa kasi na kuyakamua maji. Pili, hewa hupashwa joto. Tatu, feni huipitisha hewa hiyo katikati ya nguo, nayo huchukua mvuke. Nne, hewa yenye mvuke hupozwa. Katika mashine nyingi za aina hii kazi hiyo hufanywa na mchirizi wa maji baridi ya bomba. Mvuke hugeuka kuwa maji, na pampu huyatoa nje. Hewa ile ile hurudi tena kwenye kipasha joto. Hatua moja ikishindwa, nguo hubaki mbichi hata kama nyingine tatu zinakwenda sawasawa.

Hesabu ya maji na joto

Tuchukue nguo za pamba zenye uzito wa kilo 4 zikiwa kavu. Zikikamuliwa kwa mizunguko 1000 kwa dakika, hubaki na maji yapatayo asilimia 60 ya uzito huo, yaani kilo 2.4. Kugeuza kilo 1 ya maji kuwa mvuke katika nyuzi 60 za Sentigredi huhitaji kilojuli zipatazo 2360. Basi:

2.4 × 2360 = kilojuli 5664.

Kipasha joto cha kilowati 1.2 hutoa kilojuli 1.2 kila sekunde. Kitahitaji sekunde 4720, yaani dakika 79 hivi, bila kuhesabu joto linalopotea. Nguo hizo zikikamuliwa kwa mizunguko 1400, maji yatakayobaki ni asilimia 50 hivi, na muda utapungua hadi dakika 66. Sababu ni kwamba nguvu ya kukamua hukua kwa kipeo cha pili cha kasi: kutoka 1000 hadi 1400 nguvu hiyo karibu huongezeka maradufu.

Kutokana na hesabu hii twapata mshukiwa wa kwanza, naye si kipasha joto. Blanketi moja zito likielemea upande mmoja wa pipa, mashine hupunguza kasi ili isitikisike, na maji mengi hubaki. Vilevile mashine iwezayo kufua kilo 8 mara nyingi haiwezi kukausha zaidi ya kilo 5, kwa kuwa hewa huhitaji nafasi ya kupita. Mtu akifua kilo 8 na kuziacha zote zikaushwe, lawama si ya mashine.

Hewa ina kikomo chake

Mita moja ya ujazo ya hewa yenye nyuzi 60 haiwezi kubeba zaidi ya gramu 130 hivi za mvuke. Ikipozwa hadi nyuzi 30, haibebi zaidi ya gramu 30 hivi. Kwa hiyo, hewa iliyoshiba ikipoa kwa kiasi hicho huangusha gramu 100 za maji. Bomba likiwa limefungwa, au chujio la mpira wa maji likiwa limeziba, mvuke huzunguka tu humo ndani. Hewa iliyoshiba haipokei zaidi, japo ni ya moto. Hata maji yaliyopata joto la jua katika tangi la juu ya paa, kama ilivyo kawaida katika miji yetu ya pwani, huipunguzia hatua hii nguvu.

Utaratibu wa uchunguzi

1. Punguza nguo, kisha jaribu tena.
2. Pima uzito wa nguo kabla ya kufua na baada ya kukamua. Maji yakizidi asilimia 70, chunguza ukamuaji na pampu.
3. Hakikisha bomba liko wazi na maji yana nguvu, safisha machujio.
4. Fundi na aichunguze njia ya hewa na feni. Nyuzinyuzi za nguo hujikusanya humo.
5. Mwisho, fundi apime kipasha joto, plagi ikiwa imechomolewa. Kwa umeme wa volti 230 na wati 1200, ukinzani wake ni 230 × 230 ÷ 1200, yaani omu 44 hivi. Kipimo kisipoonyesha mkondo wowote, uzi wake umekatika.

Onyo

Kando ya kipasha joto ipo swichi ya usalama ikatayo umeme joto likizidi. Mara nyingi hukata kwa sababu hewa haipiti. Kuunganisha nyaya ili kuikwepa swichi hiyo ni kuiondoa dalili na kuuacha ugonjwa: nyuzi kavu za pamba hushika moto upesi, na nyumba yaweza kuungua. Asikubali mtu matengenezo ya namna hiyo, hata yawe rahisi kiasi gani.

Jaribio la darasani

Walimu waweza kulithibitisha jambo hili bila mashine. Chukueni vitambaa vitatu vilivyo sawa, mvipime, kisha mviloweshe. Cha kwanza kikamuliwe na kuanikwa juani. Cha pili kianikwe bila kukamuliwa. Cha tatu kikamuliwe, kifungwe ndani ya mfuko wa plastiki usiopenya hewa, kisha kiwekwe juani. Vipimeni kila baada ya dakika 20 na kuchora grafu. Kitambaa kilichomo mfukoni kitapata joto jingi, lakini hakitakauka. Wanafunzi waulizwe: ni hatua ipi kati ya zile nne iliyokosekana?