SOMO LA WIKI: Hesabu zilizo 'winguni' zina usalama gani?

Tuseme mfanyabiashara wa mbaazi wa Kansay, wilayani Karatu, ametanguliza fedha kwa wakulima na anawadai magunia 40 ya kilo 100. Tani hizo 4 ni mtaji wake. Kumbukumbu yake iko katika simu, na simu huipeleka 'winguni'. Ikipotea, atabaki kudai kwa mdomo tu. Kwa hiyo inafaa kuzifahamu dhana tatu potofu.

Kwanza, kwamba kilicho winguni hakiteketei. Wingu ni kompyuta za kampuni nyingine, zilizomo ndani ya jengo kama ghala lolote. Tarehe 10 Machi 2021, jengo moja la kampuni ya OVHcloud mjini Strasbourg, Ufaransa, liliungua. Baadhi ya wateja ambao hawakuwa na nakala mahali pengine walipoteza kumbukumbu zao kabisa.

Pili, kwamba mwenye wingu hulinda kila kitu. Yeye hulinda jengo na mitambo. Ufunguo, yaani neno la siri, unao wewe. Mwaka 2014 mvamizi aliingia katika akaunti ambayo kampuni ya Code Spaces ilikuwa nayo kwenye wingu la Amazon. Alifuta sehemu kubwa ya kumbukumbu pamoja na nakala za akiba, maana zilikuwa katika akaunti hiyo hiyo. Kampuni ikafunga shughuli zake.

Tatu, kwamba kumbukumbu ikiwa salama basi utaipata wakati wowote. Tarehe 12 Mei 2024, nyaya za baharini za EASSy na Seacom zilipata hitilafu, na intaneti ikavurugika Tanzania na nchi jirani. Hesabu zilikuwepo, lakini kuzifikia ilikuwa kazi. Siku ya kupakia mzigo, mnunuzi hangojei mtandao.

Hata hivyo, hii si sababu ya kulikimbia wingu. Daftari moja la karatasi nalo huloa, huibwa na huungua.

Shauri letu ni hili: tumia neno la siri refu usilolitumia kwingine, na washa uthibitisho wa hatua mbili. Usimpe mtu namba ya uthibitisho inayoletwa kwenye simu. Weka nakala ya pili nje ya akaunti hiyo na, wakati wa msimu, chapisha orodha ya wadaiwa kila wiki. Mkulima naye aweke sahihi yake.